UZI: "Mfumo unasema hujalipa." Kampuni za programu zinazouzia serikali hukua vipi, na kwa nini haziondoki?

1/ Kila mdahalo wa siasa siku hizi lazima ufike hapa. Mmoja anasema, "Tumeweka huduma mtandaoni, wizi wa pesa taslimu umeisha." Mwenzake anajibu, "Huo mfumo ni wa nani?" Watu wanapiga makofi, wengine wanazomea, mwongozaji anaenda swali lingine. Hakuna aliyeeleza kitu. Leo nitajaribu. Shika chai, uzi ni mrefu.

2/ Kanuni za hapa ni zilezile: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukija kumtetea mtu wako kwenye majibu nitakupita tu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si mhandisi wa kompyuta. Nikiteleza mahali pa kiufundi, wahandisi mnirekebishe kwa upole.

3/ Naanza na mama yangu, maana yeye ndiye alinifanya nianze kuyasoma haya mambo. Ana kibanda cha viatu vya mitumba sokoni. Kila Januari hulipia leseni ya kaunti kwa simu. Kaunti siitaji. Mwaka juzi alilipa, ujumbe wa M-Pesa ukaingia, risiti ya kaunti ikaingia, akaendelea na kazi yake.

4/ Juni wakaja kanjo wawili na kile kimashine cha mkononi. Wakaingiza nambari yake. "Mathe, mfumo unasema hujalipa." Akawaonyesha ujumbe wa M-Pesa. "Sisi tunaangalia mfumo, hatuangalii simu." Kibanda kikapigwa kufuli siku tatu. Viatu viko ndani, na yeye analipa mkopo wa chama kila Ijumaa.

5/ Nikamsindikiza ofisini. Karani alikuwa mpole kwa kweli, akatueleza: mkataba wa kampuni ya kwanza uliisha mwezi wa nne, kaunti ikaleta kampuni nyingine, na rekodi za zamani "hazijahama zote." Nikamuuliza, sasa ziko wapi? Akasema, "Kijana, ziko kwa wale wa kwanza. Na wale hawashiki simu tena." Mama akalipa mara ya pili.

6/ Angalieni vizuri. Hakuna aliyesema pesa ziliibwa. Hata karani hakukataa kwamba mama alilipa. Shida ilikuwa kwamba pesa ziliingia kaunti, lakini kumbukumbu ya kuzipokea haikuwa mikononi mwa kaunti. Hilo ndilo jambo ambalo midahalo yetu haifiki. Tunabishana kuhusu nani alikula, hatuulizi nani anashika daftari.

7/ Turudi nyuma kidogo. Kwa nini serikali inanunua programu badala ya kutengeneza yake? Sababu ni za kawaida tu. Mhandisi mzuri analipwa vizuri zaidi kwenye benki au kampuni ya simu kuliko wizarani. Tenda za serikali huchukua muda. Uongozi hubadilika kila miaka mitano, na mradi wa programu hauishi miaka mitano, unahitaji kutunzwa kila siku. Kwa hivyo kampuni inakuja na kusema: tuachieni sisi.

8/ Ili tuone kampuni kama hizi hukua vipi, nimechagua moja ambayo haina uhusiano na siasa zetu, ndio tusome bila presha. Inaitwa Tyler Technologies, makao yake ni Plano, jimbo la Texas, Marekani. Wengi hamjawahi kuisikia. Lakini Mmarekani akilipa kodi ya nyumba, faini ya trafiki, au akifungua kesi mahakamani, kuna uwezekano mkubwa anapitia programu yake.

9/ Historia yake inachekesha. Ilianza 1966, na kwa miaka mingi pesa zake zilitoka kwa mabomba ya chuma, vilipuzi, uchukuzi na vipuri vya magari. Hakuna kompyuta hapo. Miaka ya mwisho ya 1990 wenyewe wakaona nafasi: miji na kaunti za Marekani zilikuwa nyingi ajabu, kila moja na vijiprogramu vyake vya zamani, na kampuni kubwa za teknolojia hazikujali wateja wadogo kama hao.

10/ Basi wakaanza kununua. Mwaka 1998 na 1999 walichukua kampuni kadhaa ndogo: hii inafanya hesabu za miji, ile inafanya rekodi za mahakama, nyingine uthamini wa nyumba kwa ajili ya kodi. Mwaka 1999 wakabadilisha jina likawa Tyler Technologies. Hawakuvumbua kitu kikubwa. Walinunua watu waliokuwa tayari wana mikataba na serikali.

11/ Hilo ni somo la kwanza. Kwenye biashara hii, ukinunua kampuni, kitu cha thamani unachonunua ni wateja ambao hawawezi kuondoka kwa urahisi. Kwenye ripoti zake za mwaka, Tyler yenyewe hueleza kwamba wateja wanaoiacha kwa mwaka ni takriban asilimia 2. Fikiria duka ambalo kati ya wateja 100, wanarudi 98. Kila mwaka.

12/ Mwaka 2015 ikainunua New World Systems, kampuni ya programu za polisi na huduma za dharura, kwa takriban dola milioni 670. Mwaka 2020 ikaingia kwenye orodha ya S&P 500, yaani zile kampuni kubwa za soko la hisa la Marekani. Mwaka 2021 ikainunua NIC kwa takriban dola bilioni 2.3. Kufikia 2024 mapato yake ya mwaka yalikuwa zaidi ya dola bilioni 2.1. Kutoka mabomba.

13/ Sasa swali: kwa nini mteja haondoki? Si lazima kuwe na hongo. Nataka tuelewane hapa, kwa sababu Wakenya tukiona mkataba mrefu tunaruka moja kwa moja kwa ufisadi. Ufisadi upo, sikatai. Lakini hata pale ambapo kila mtu ni msafi kama malaika, serikali bado inaweza kukwama. Kuna kamba nne.

14/ Kamba ya kwanza ni data. Rekodi za miaka kumi zimepangwa kwa mtindo ambao kampuni ile ndiyo inaujua. Kuzihamisha ni kazi ya miezi, na zikihamishwa vibaya unapata kisa cha mama yangu mara elfu.

Kamba ya pili ni watu. Makarani wamefundishwa mfumo ule. Ukileta mwingine wanaanza moja, na foleni inafika barabarani.

15/ Kamba ya tatu ni viungo. Mfumo wa leseni umeunganishwa na wa malipo, wa malipo umeunganishwa na benki, benki na hazina. Ukitoa tofali moja ukuta unatikisika.

Kamba ya nne ni siasa yenyewe. Kiongozi akibadilisha mfumo na ukalala wiki moja, lawama ni zake leo. Akiuacha ule wa zamani, gharama inalipwa polepole na atakayemfuata. Wewe ungechagua nini?

16/ Ongeza hapo mtindo wa kulipa. Zamani serikali ilinunua programu mara moja, ikaiweka kwenye kompyuta zake. Siku hizi unakodisha: unalipa kila mwaka, programu na data vikikaa kwenye mitambo ya mbali. Tyler imesukuma wateja wake huko kwa miaka kadhaa sasa, na sehemu kubwa kabisa ya mapato yake ni malipo yanayojirudia. Kukodi si dhambi. Nyumba tunakodi pia. Lakini mpangaji lazima ajue vitanda ni vya nani siku akihama.

17/ Sasa tuje kwa NIC, ile iliyonunuliwa 2021, maana hapa ndipo Mkenya anaanza kujiona. NIC ilianzia Kansas mwaka 1992. Ujumbe wake kwa majimbo ulikuwa mtamu: tutawajengea tovuti ya huduma bila nyinyi kutoa pesa za bajeti. Bure. Sisi tutapata chetu kidogokidogo kutoka kwa ada ya kila muamala.

18/ Kwa mwanasiasa hii ni asali. Hakuna mjadala wa bajeti bungeni, hakuna kupandisha kodi, na utepe anakata. Lakini neno "bure" hapo lina mwenyewe. Jimbo halikulipa, basi alilipa mwananchi, kila alipobonyeza. Sehemu kubwa ya mapato ya NIC kwa miaka mingi ilitokana na rekodi za madereva, ambazo kampuni za bima zilikuwa zikizilipia moja baada ya nyingine.

19/ Hebu tupige hesabu ya kijijini. Ada ya shilingi 50 haimuumi mtu. Ni chini ya nauli ya matatu. Lakini miamala milioni 1 ni shilingi milioni 50. Miamala milioni 20 ni shilingi bilioni 1. Kutunza mfumo hakupandi kwa kasi hiyo: kumhudumia mtu wa milioni moja na moja hakugharimu karibu chochote. Kwa hivyo kadiri watu wanavyozidi kulazimishwa kupita mlango huo, ndivyo faida inavyopanda bila kazi kuongezeka.

20/ Nyumbani sasa. eCitizen ilianza 2014. Katikati ya 2023 serikali ilizindua awamu ya kupeleka huduma zaidi ya 5,000 huko, na malipo yakaelekezwa kwa nambari moja, 222222. Nia ilielezwa wazi: kuziba mianya. Na mianya ilikuwepo, tusijifanye. Kila mtu mwenye umri wa mzazi wangu ana hadithi ya kumpa mtu "chai" ili faili ionekane.

21/ Halafu Januari 2024 likaja agizo kwamba karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen. Wazazi wakauliza: kwani ile ada ya shilingi 50 inatoka wapi? Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2025 ikaamua kwamba agizo hilo lilikuwa kinyume cha sheria. Umma haukushirikishwa, na ada ya ziada waliyotozwa wazazi haikuwa na msingi wa kisheria.

22/ Wengi walisoma habari hiyo kama "mahakama inapinga teknolojia." Hapana. Hoja ilikuwa ya kale kabisa, hata somo letu la mwaka wa kwanza lilianzia hapo: serikali haitozi mtu pesa bila sheria. Katiba yetu, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa ila kwa sheria. Kompyuta haibadilishi hilo. Ada iliyofichwa ndani ya kitufe bado ni ada.

23/ Sasa umiliki. Mfano unaojulikana zaidi ni mfumo wa kompyuta wa bima ya afya ya jamii, ule wa shilingi bilioni 104.8. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyojadiliwa sana Machi 2025 ilisema mfumo ulipatikana bila ushindani wa zabuni, na kwamba serikali haimiliki mfumo huo wala haki zake. Upande wa serikali ulijibu kwamba hakuna bilioni zilizotolewa mkupuo, kwamba huu ni mpango wa kulipia huduma kadiri inavyotumika, na kwamba walioujenga ndio walioweka mtaji.

24/ Sitawaambia nani yuko sahihi kwa kila kipengele. Lakini muone jinsi mdahalo ulivyokwenda. Upande mmoja ukapiga kelele "bilioni 104!" Mwingine ukapiga kelele "hatujalipa!" Swali lililobaki mezani bila mtu kulishika ni lile la karani wetu: siku mkataba ukiisha, rekodi za matibabu za Wakenya zinabaki kwa nani, kwa mtindo gani, na kwa bei gani?

25/ Mtu atasema, "Lakini zinafanya kazi, wewe unalalamika nini?" Sawa. Tuone zinapokosea. Agosti 2016, kaunti ya Alameda, California, ilianza kutumia mfumo wa Tyler wa mahakama unaoitwa Odyssey. Makarani walichelewa kuingiza maamuzi ya mahakimu kwa sababu kazi iliyochukua hatua chache sasa ilichukua nyingi. Matokeo: watu walikamatwa kwa hati ambazo zilikuwa tayari zimefutwa, wengine wakakaa jela zaidi ya muda wao.

26/ Ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma ikapeleka malalamiko mahakamani, kesi baada ya kesi. Hapa kuna jambo la haki niseme: si kosa la programu peke yake. Mafunzo yalikuwa hafifu, kazi ilikuwa nyingi, na mpito wa mifumo ni mgumu popote. Lakini mtu aliyelala jela usiku mmoja wa ziada hana nafasi ya kupanga lawama kwa asilimia.

27/ Kisa kizito kuliko vyote kiko Uingereza. Kuanzia 1999, Posta yao ilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa pesa kwenye vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wakasema, "Sijachukua pesa." Posta ikasema, "Mfumo unasema umechukua."

28/ Zaidi ya watu 900 walihukumiwa, wengi wao wakishtakiwa na Posta yenyewe. Kuna waliofungwa, waliofilisika, waliouza nyumba kujazia pesa ambazo hazikuwahi kupotea. Mwaka 2019 wasimamizi 555 waliokuwa wameungana kwenye kesi moja walishinda, na hakimu akaeleza kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo.

29/ Kwa miaka karibu 20! Katika nchi yenye magazeti, mahakama na bunge la karne nyingi. Kwa nini ilichukua muda hivyo? Sababu moja ni kwamba mahakama zao zilianza na dhana kuwa kompyuta inafanya kazi sawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na msimamizi wa kituo cha posta kijijini angethibitishaje? Ushahidi ulikuwa ndani ya mfumo, na mfumo ulikuwa wa mwenye mfumo.

30/ Niliposoma hapo ndipo nilimkumbuka mama amesimama mbele ya kibanda na simu mkononi. "Mfumo unasema hujalipa." Ni sentensi ileile. Yeye alipoteza siku tatu na pesa za leseni, wale walipoteza maisha yao. Lakini mlango ni mmoja: mashine inapewa neno la mwisho, na binadamu aliye na risiti anaambiwa hatuangalii simu.

31/ Kuna na hatari ya mlango mmoja kufungwa. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zikayumba kwa siku kadhaa. Mambo ya viza na pasipoti yakakwama, na watu wakalalamika hata kununua tokeni za stima. Tyler nayo ilishambuliwa Septemba 2020. Ukiweka mayai yote kikapu kimoja lazima ujue nani anakibeba na kama anaona njia.

32/ Kwa hivyo turudi kwenye mdahalo wetu. Je, upande wa "digitali imeziba wizi" unadanganya? Hapana. Pesa taslimu mkononi mwa karani ni rahisi kupotea, na kumbukumbu ya kidijitali inaweza kukaguliwa. Lakini neno ni "inaweza." Ikiwa mkaguzi hawezi kuingia ndani ya mfumo bila kuomba ruhusa ya kampuni, umehamisha giza kutoka drooni kwenda kwenye kompyuta.

33/ Na upande wa "ni kampuni ya mtu" je? Wao pia wana hoja, ila mara nyingi wanaiharibu. Kampuni binafsi kuiuzia serikali si kosa. Hata barabara hujengwa na makandarasi. Tofauti ni kwamba mkandarasi akimaliza barabara anaondoka na greda lake, barabara inabaki. Kwenye programu, mkataba mbovu unamruhusu aondoke na barabara.

34/ Njia nyingine zipo? Zipo, na moja tunayo. Takwimu za afya za Kenya, zile zinazotumwa na vituo vya afya kila mwezi, hupitia DHIS2. Ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kenya ilianza kuitumia kitaifa mtandaoni mwaka 2011, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika. Ukitofautiana na fundi mmoja, unamtafuta mwingine. Msimbo wake uko wazi, hauna mwenye kuuficha.

35/ Estonia nayo tangu 2001 ina X-Road, njia ya kuunganisha mifumo ya serikali. Kampuni binafsi hujenga sehemu nyingi huko na kupata pesa zao halali. Lakini njia yenyewe ni ya dola, na kila ofisi inatunza data yake badala ya kurundika kila kitu kwa mmoja. Programu huria si bure, tusidanganyane. Inahitaji wahandisi wanaolipwa vizuri ndani ya serikali. Ila pesa hizo zinabaki kujenga uwezo wako.

36/ Sasa silaha ya mkononi. Mgombea yeyote, wa kaunti au taifa, akisimama kusema atawaletea mfumo, au atavunja mkataba wa mfumo, muulize haya matano:

Moja: mkataba ulitangazwa kwa ushindani? Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu.

37/ Mbili: data ni ya nani, na siku ya mwisho ya mkataba itakabidhiwa vipi? Akijibu "ni ya wananchi," muulize ukurasa gani wa mkataba.

Tatu: kampuni inalipwaje, kwa mwaka au kwa kila muamala? Na ada hiyo imewekwa na sheria gani?

38/ Nne: Mkaguzi Mkuu anaweza kuingia kwenye mfumo wenyewe, au anapewa ripoti zilizochapishwa na kampuni?

Tano, na hili ndilo la mama yangu: mfumo ukisema sijalipa na mimi nina risiti, nani anasikiliza, ndani ya siku ngapi, na biashara yangu inabaki wazi wakati huo? Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kutendewa kwa utaratibu na kwa haki na ofisi za serikali. Kanjo na kimashine pia ni serikali.

39/ Huhitaji kungoja uchaguzi. Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa za umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua ni ya ukurasa mmoja. Wakinyamaza, unaenda Tume ya Haki ya Utawala. Mimi niliandika yangu kwa kaunti: naomba kipengele cha mkataba wa zamani kinachohusu kukabidhi rekodi.

40/ Jibu lilikuja siku ya 34, baada ya kukumbushwa mara mbili. Mistari minne. Walisema mkataba ulikuwa na kipengele cha kusaidia wakati wa mpito lakini haukutaja mtindo wa data wala muda wa kukabidhi. Ndio hivyo. Hakuna jambazi kwenye hadithi. Kuna watu waliotia sahihi bila kuuliza swali la pili kwenye orodha yangu.

41/ Pesa za mama hazijarudi. Mwaka huu alilipa tena Januari, na akafanya kitu ambacho wale waliouza "serikali bila karatasi" hawakukitarajia: alienda saiba, akachapisha risiti nakala tatu. Moja iko nyumbani, moja iko kwangu, na moja ameibandika ndani ya kibanda juu ya viatu vya watoto, mahali kanjo ataiona kabla hajatoa kimashine.

42/ Mwisho wa uzi. Kama kaunti yenu ilibadilisha mfumo na rekodi zikapotea, niandikie hapa chini mwaka na ni huduma gani, bila kutaja jina la mtu. Nataka kuona ni wangapi. Na ukitaka mfano wa barua ya kifungu cha 35, sema, nitaiweka kwenye jibu la kwanza. Usiku mwema.